Maswali ya Wasomaji: Kusomea Usimamizi wa Mazingira ya Vijijini Chuoni

Barua zinazohusu masomo ya ardhi, maji na uhifadhi zimetufikia kwa wingi, nasi tumechagua tano. Tumezifupisha kidogo, na majina ya waandishi tumeyaacha. Anayejibu ni mwandishi wa safu hii, ambaye aliisomea fani hii na baadaye akaifundisha.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimemaliza sekondari na nimepata nafasi ya kusomea stashahada ya usimamizi wa mazingira ya vijijini. Baba yangu anauliza kwa nini alipe ada ili nikafundishwe kupanda miti, kazi ambayo babu aliifanya maisha yake yote bila kuingia darasani. Nimekosa la kumjibu. Ndani ya kozi hii kuna nini hasa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali la baba yako ni zuri, na lisijibiwe kwa maneno makubwa. Kupanda mti ni kazi ya dakika chache. Kinachochukua miaka ni kujua kama mti huo unafaa kupandwa hapo: kama udongo una kina cha kutosha, kama mti wenyewe hautakausha chemchemi iliyo chini ya mteremko, kama eneo hilo si mbuga ya nyasi ambayo kwa asili yake haihitaji miti, na kama mfugaji anayepitisha mifugo yake hapo kila kiangazi ameshirikishwa. Mwanafunzi anayehitimu bila kuwa na ujasiri wa kusema "hapa msipande" bado hajaiva.

Katika majuma ya mwanzo utachimba shimo, na simaanishi shimo la mafumbo. Utachimba shimo la udongo lenye kina cha mita moja hivi, ukwangue ukuta wake kwa kisu, kisha uketi mbele yake ukieleza tabaka moja baada ya jingine: rangi yake, unyevu wake, mizizi inaishia wapi na mawe yanaanzia wapi. Utachukua udongo kiganjani, uuloweshe kidogo, uuminye kati ya kidole gumba na kidole cha shahada hadi utokeze kama utepe, na kwa urefu wa utepe huo kabla haujakatika utakadiria kiasi cha mfinyanzi kilichomo. Udongo wa kichanga hautoi utepe kabisa; hubomoka na kukuachia vidole vyenye chengachenga.

Kutoka kwenye shimo mtaingia kwenye mmomonyoko. Katika miaka ya 1930, nyanda za kati za Marekani zilikuwa zimelimwa mpaka nyasi za asili zilizoshika udongo zikatoweka. Ukame ulipokuja, upepo ukaubeba udongo wa juu na kuutupa mamia ya kilomita mbali, na mwaka 1935 nchi hiyo ikaunda idara maalumu ya hifadhi ya udongo. Huko ndiko ilikozaliwa hesabu ya kukadiria upotevu wa udongo ambayo ingali ikifundishwa vyuoni. Inazingatia mvua, aina ya udongo, urefu na ukali wa mteremko, mimea inayofunika ardhi, na hatua za hifadhi zilizochukuliwa. Ukiitazama vizuri utagundua kwamba mkulima hana uwezo juu ya mvua wala aina ya udongo, lakini anaweza kuongeza mimea inayofunika ardhi, na anaweza kuukata mteremko mrefu kuwa mifupi kwa kuweka makingamaji. Kwa hiyo utafundishwa kutengeneza fremu ya miti mitatu yenye umbo la herufi A, iliyoning'inizwa jiwe kwa kamba katikati, na kuitembeza juu ya mteremko ili kupata mstari wa kontua, yaani mstari unaounganisha sehemu za mteremko zenye kimo kimoja. Haihitaji betri. Mimi binafsi ninaiamini kuliko vifaa vingi vyenye kioo.

Yapo pia maji. Utajifunza kupekua mawe ya kijito ukitafuta viluwiluwi vya wadudu, kwa kuwa baadhi yao hawavumilii maji machafu, na kutoweka kwao hukueleza jambo ambalo rangi ya maji haikuambii. Utajifunza kwamba Mkataba wa Ardhioevu, uliotiwa saini katika mji wa Ramsar nchini Iran tarehe 2 Februari 1971, unahesabu kuwa ardhioevu hata maji ya bahari ambayo kina chake wakati wa kupwa hakizidi mita 6, na utaelewa kwa nini maana pana namna hiyo ilihitajika: ndege wanaokula kwenye matope ya pwani hawajui mpaka wa bahari na nchi kavu tulioubuni sisi.

Mwisho kuna tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo ilienea duniani baada ya sheria ya Marekani iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1970. Tathmini hiyo hufanywa kabla ya mradi kuanza. Ikifanywa baada ya greda kupita, huwa ni taarifa ya msiba.

Mwambie baba yako kwamba babu aliujua mlima wake kwa kuishi juu yake miaka mingi. Wewe unakwenda kujifunza namna ya kuujua mlima usio wako, kwa muda mfupi, na kuandika ulichokiona kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kwenda kukihakiki.

SWALI: Naipenda fani hii tangu utotoni, lakini hisabati ilinishinda. Je, nitaweza kumaliza?

JIBU: Hesabu zipo, na anayekwambia hazipo anakudanganya. Hata hivyo, nyingi ni za kujumlisha, kugawanya na kutafuta asilimia. Utapima unene wa mti kwa utepe katika kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, na kwenye mteremko utasimama upande wa juu wa mti. Utazunguka na kamba yenye urefu wa mita 17.84, na baada ya siku chache hutasahau kwamba duara la nusu kipenyo hicho lina eneo la moja ya kumi ya hekta, kwa hiyo kila idadi utakayoihesabu humo ukiizidisha kwa 10 unapata idadi kwa hekta.

Nikupe mfano mmoja ili upime mwenyewe. Mnataka kujua kuna panya wangapi katika kichaka. Mnatega, mnapata 40, mnawatia alama na kuwaachia. Baada ya siku chache mnatega tena na kupata 50, na kati yao 10 wana alama. Kwa kuwa moja ya tano ya hawa wa pili wana alama, mnakisia kwamba wale 40 wa kwanza walikuwa moja ya tano ya panya wote. Basi kichakani wamo kama 200. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuikokotoa hesabu hiyo. Jambo ambalo hataliweza, na ambalo wewe utaulizwa kwenye mtihani, ni kuihoji: je, hakuna alama zilizobanduka? Hakuna panya waliohama wala walioingia? Na yule aliyekamatwa mara ya kwanza, hakujifunza kuuogopa mtego, au kinyume chake, hakuzoea chambo akawa anarudi kila usiku kula bure? Aliyeuogopa mtego atawafanya mdhani panya ni wengi kuliko walivyo. Aliyekipenda chambo atawafanya mdhani ni wachache. Ukiweza kufuata mantiki hiyo, hisabati ya kozi hii haitakushinda.

Takwimu na ramani za kompyuta zitakuja mwaka wa pili, na hapo pia tahadhari ndiyo nusu ya elimu. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikiipiga dunia picha tangu mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 picha hizo hutolewa bila malipo. Lakini chembe moja ya picha za kawaida za setilaiti hizo ni mraba wa mita 30 kwa 30. Korongo jembamba linalomeza shamba la mtu laweza kupita katikati ya mraba huo lisionekane. Itabidi uende kwa miguu.

SWALI: Niko mwaka wa kwanza. Nilidhani tutashinda porini na ndege na wanyama, kumbe nusu ya vipindi ni sheria, mikutano na usuluhishi wa migogoro. Je, nilikosea kozi?

JIBU: Hukukosea kozi. Nitakusimulia aibu yangu.

Nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, tulipewa kazi ya kuandaa mpango wa kulifunga bonde lililochakaa ili nyasi zirudi. Tulipima kwa siku tisa. Ramani ilipendeza: rangi nne, ufunguo, mshale wa kaskazini. Siku ya kuiwasilisha kwa wanakijiji, mama mmoja aliinuka, akaikaribia, akaitazama kwa muda mrefu huku akifuata mstari wa uzio kwa kidole, kisha akauliza, "Maji tutapita wapi kuyafuata?" Hatukuwa tumeiona njia yao. Ilipita juu ya mwamba, haikuacha alama, nasi tulikuwa tukifika bondeni jua limeshapanda ilhali wao huteka maji alfajiri. Msimamizi wetu alisema swali hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Likaandikwa. Uzio ukajengwa kama ulivyochorwa, na haukumaliza msimu. Ramani ilipata alama za juu.

Vipindi unavyovilalamikia vinahusu mwamba ule. Mwaka 1968 mwanabiolojia Garrett Hardin alidai kwamba malisho yaliyo wazi kwa wote lazima yaharibike, kwa sababu kila mfugaji anayeongeza ng'ombe mmoja hupata faida yote peke yake, huku hasara ikigawanywa kwa wote. Hoja ilikuwa na mvuto, na viongozi wengi waliichukua kuwa ruhusa ya kuwanyang'anya wanavijiji ardhi yao ya pamoja. Elinor Ostrom, mtaalamu wa siasa kutoka Marekani, hakuishia kwenye hoja. Alichunguza malisho ya milimani Uswisi, misitu ya vijiji vya Japani na mifereji ya umwagiliaji ya Hispania na Ufilipino ambayo wenyewe walikuwa wameitunza kwa pamoja kwa vizazi vingi. Alikuta kwamba mali ya pamoja hudumu pale ambapo mipaka inajulikana, watumiaji wanashiriki kutunga kanuni, walinzi wanawajibika kwa watumiaji hao, na mkosaji wa mara ya kwanza anapewa adhabu ndogo kabla ya kubwa. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata.

Zingatia hiyo adhabu ndogo. Ofisa mgeni akimkamata mchungaji siku ya kwanza na kumtoza faini inayomfilisi, amejipatia adui ambaye angeweza kuwa mlinzi wake. Nimeona kanuni nzuri zikifa kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo hudhuria vipindi vya usuluhishi kwa bidii ileile unayokwenda nayo kuangalia ndege. Ndege wenyewe hawatakuitia mkutano.

SWALI: Je, ajira ni za serikali peke yake?

JIBU: Hapana. Wahitimu hufanya kazi katika mamlaka za mabonde ya maji, hifadhi za wanyama na misitu, mashamba makubwa, kampuni za ujenzi na za madini zinazobanwa na masharti ya mazingira, mashirika ya kiraia na kampuni za ushauri. Ujiandae tu kwamba kazi za mwanzo mara nyingi ni za mikataba mifupi inayofuata muda wa miradi, na kwamba anayejua kuandika taarifa safi ya kurasa tano huitwa tena kabla ya anayejua majina ya mimea yote.

SWALI: Nimekubaliwa na vyuo viwili. Nichague kwa kigezo gani, na ninunue nini kabla ya kwenda?

JIBU: Kwanza hakikisha kwamba vyote viwili vinatambuliwa na mamlaka inayosimamia vyuo, maana bila hilo mengine hayana maana. Kisha usitazame majengo. Uliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hutoka nje ya darasa siku ngapi kwa muhula. Uliza kama chuo kina ardhi yake ya mafunzo, hata kama ni ndogo, kwa sababu eneo linalopimwa na kila kundi la wanafunzi mwaka hadi mwaka hufundisha mabadiliko ambayo ziara ya siku moja haiwezi kuyaonyesha. Uliza nani anawatafutia wanafunzi nafasi za mafunzo kwa vitendo, chuo au wao wenyewe.

Halafu omba kuonyeshwa daftari la uwandani la mwanafunzi yeyote aliyehitimu. Ukiletewa daftari safi lenye mwandiko uleule wa kupendeza tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ujue lilinakiliwa bwenini usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Daftari la kweli lina tope, lina tarehe na saa, lina mistari iliyokatwa lakini bado inasomeka, na lina mchoro mbaya wa kitu ambacho mwenyewe hakukielewa siku hiyo.

Kuhusu ununuzi, usikimbilie kompyuta. Ya chuo itakutosha mwanzoni. Nunua viatu vigumu vya kutembelea na uvivae nyumbani kwanza mpaka vilainike. Nunua kofia, na daftari lenye jalada gumu linaloenea mfukoni. Usitegemee kalamu ya wino, kwa kuwa tone moja la mvua huyageuza maandishi ya asubuhi nzima kuwa doa la buluu. Nunua penseli mbili. Moja uifunge kwa uzi kwenye daftari, kwa sababu ile nyingine utaazimwa siku ya kwanza na hutaiona tena.