Usiandike dini ya babu zako kwa macho ya gavana

Jana usiku mdogo wangu mmoja anayesoma masta ya historia kaniandikia inboksi, kaka chapta yangu ya vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani imerudishwa, supavaiza kaijaza wino mwekundu, nifanyeje. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu maana na mimi yalinikuta hayo hayo na mpaka leo yanauma.

Yangu ilirudishwa mara mbili. Mara ya pili ilisomwa mbele ya darasa zima watu wakacheka. Nilikuwa nimeandika kwamba Kinjikitile Ngwale, aliyegawa maji ya dawa ya kuzuia risasi, aliwadanganya watu kwa uchawi, ushirikina ukawapeleka kwenye risasi. Nikajiona niko sawa kabisa, si nimetoa kwenye maandishi ya wakati ule? Ya nani sasa, ya Wajerumani! Götzen, aliyekuwa gavana wao hapa wakati wa vita, alitoa kitabu chake 1909, waganga ndio waliobeba lawama, na ilimfaa sana, maana kosa likiwa la waganga basi pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko hakuna wa kuviuliza.

Kilichonifungua macho ni masimulizi ya wazee wa kusini, yale yaliyokusanywa na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1968 na 1969. Humo Ngarambe, alikokuwa Kinjikitile, si kilinge cha mganga mmoja. Watu wanakuja kwa makundi, Wamatumbi, Wangindo, watu wa Rufiji, wanapokea dawa, kuna nyumba kubwa inaitwa Kijumba-Nungu, nyumba ya Mungu, habari zinapita kwa minong'ono waliyoiita njwiywila, halafu mahongo, yaani wajumbe, wanatumwa kupeleka maji mpaka mbali huko. Kinjikitile kanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikaendelea mpaka 1907. Sasa uchawi wa mtu mmoja unaendeleaje mwenyewe akishanyongwa? Ile ilikuwa taasisi jamani, iliwaunganisha watu wasiokuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja.

Na sisemi maji yalizuia risasi, hayakuzuia. Wajerumani wenyewe walihesabu vifo 75,000, na wengi iliwaua njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto.

Kwa hiyo ukikuta neno uchawi kwenye karatasi ya mkoloni, simama. Uliza nani kaandika, alikuwa anamwandikia nani. Uliza watu walikuwa wanafanya nini pale, nani anawakusanya, nani anawatuma. Halafu rudi tena uulize nani kaandika. Tuache uvivu, wale ni bibi na babu zetu, tukiwaita wajinga kwa Kiswahili chetu wenyewe nani atawatetea?

Chapta yangu mara ya tatu ilipita bila alama hata moja nyekundu, na aliyenisoma mbele ya darasa hajawahi kuniomba radhi. Mdogo wangu nimemwambia anitumie yote, Jumamosi nitaisoma mstari kwa mstari.