Luang Prabang kwa miguu: nenda mahekalu machache, uende saa yake

Waulize waliofika Luang Prabang, kaskazini mwa Laos, wengi watakutajia kwanza idadi ya mahekalu waliyoyamaliza. Mji una zaidi ya 30, na mtu mwenye pikipiki ya kukodi anaweza kupiga picha ya mengi kabla ya adhuhuri. Ushauri wangu ni kinyume cha hayo. Chagua manne au matano, uyaendee kwa miguu, na angalau moja ulirudie saa nyingine ya siku. Hekalu la huko ni makazi ya watu. Watawa wanalala humo, wanasoma humo, wanafua na kuanika mashuka yao ya rangi ya machungwa uani. Usipokaa kidogo utaona mapaa na dhahabu tu, na maisha yenyewe yatakupita.

Mji wenyewe unakubali kutembelewa hivyo. Sehemu kongwe imekaa kwenye rasi nyembamba, Mto Mekong ubavu mmoja na Mto Nam Khan ubavu wa pili, mpaka inapokutana kwenye ncha. Urefu wake ni kama kilomita moja, na kutoka mto mmoja hadi mwingine ni dakika chache tu. Kuna barabara kuu moja katikati, barabara za kandokando ya mito, na kati yake vichochoro vya matofali vyenye vyungu vya maua. Aliyezoea kuzunguka Mji Mkongwe wa Unguja atajisikia yuko kwao: hapotei, maana akikosea njia anatokea majini.

Historia kidogo kabla hujaanza, maana bila hiyo mahekalu yote yataonekana sawa. Fa Ngum aliasisi ufalme wa Lan Xang mwaka 1353, na hapa ndipo palipokuwa mji mkuu. Mwaka 1560 Mfalme Setthathirath alihamishia makao yake Vientiane, lakini Luang Prabang ikabaki na heshima yake. Baadaye ikawa na wafalme wake yenyewe, ambao walibaki hata chini ya Wafaransa waliotawala kuanzia 1893, mpaka ufalme ulipofutwa 1975. Ndiyo sababu utakuta hekalu la Kilao limepakana na nyumba ya ghorofa yenye madirisha ya Kifaransa. UNESCO iliutia mji huu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995.

Sasa saa za kutembea. Amka kabla ya jua. Tembea mpaka saa nne au saa tano asubuhi, kisha rudi ulale au ukae kivulini penye kinywaji, na utoke tena saa kumi. Joto la mchana linaondoa hamu ya kuangalia chochote. Hata Makumbusho ya Kasri la Kifalme hufungwa kwa muda mchana.

Alfajiri ndiyo saa ya sadaka, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndipo wageni wanapoharibu zaidi. Watawa hutoka mahekaluni kwa mstari, pekupeku, wakubwa mbele na wavulana wadogo nyuma, kila mmoja na bakuli lake limening'inia kwa mkanda begani. Wenyeji wanawangoja wamepiga magoti kwenye mkeka. Mama anafungua kikapu cha mianzi, anamega tonge dogo la wali wa kunata na kulitia bakulini bila kugusa mtu. Mtawa hasemi kitu, wala hasemi asante. Anapita, anakuja mwingine. Mara nyingine mwishoni mwa mstari kuna watoto wa familia maskini wenye kikapu au mfuko, na watawa wale wale wanamega katika walichopewa na kuwagawia. Hilo lilinigusa kuliko jengo lolote.

Barabara kuu saa hiyo hujaa magari ya watalii na kamera za taa. Usikae hapo. Ingia kichochoro cha nyuma, simama ng'ambo ya njia, zima taa ya kamera, usiwafuate watawa wala usiwakatize. Na je, utoe sadaka wewe mwenyewe? Maoni yangu: kama si imani yako na huielewi, tazama tu kwa heshima. Kutazama hakumpunguzii mtu kitu. Ukiona moyo wako unataka kutoa, mwombe mwenye nyumba ya wageni akupikie wali mpya tangu usiku, usinunue kwa wachuuzi wanaokimbilia watalii njiani. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti, vua viatu, piga magoti ili uwe chini kuliko mtawa, na usimtazame usoni. Mwanamke hamgusi mtawa kabisa, wala hampi kitu mkononi.

Sadaka ikiisha, pitia soko la asubuhi. Utaona mboga za porini, samaki wa mtoni na majani ya mtoni yaliyokaushwa kwa ufuta, ambayo hukaangwa na kuliwa kwa pilipili nzito ya kusagwa ya mji huu. Uzuri wa kwenda saa hiyo ni kwamba unanunua pamoja na wenyeji.

Hekalu la kulirudia ni Wat Xieng Thong, karibu na ncha ya rasi. Lilijengwa kwa amri ya Setthathirath katika miaka ya 1559 na 1560, na ngazi zake zinashuka mpaka Mekong, mahali ambapo wageni wa kifalme walikuwa wakiteremka kwenye mashua. Mwaka 1887 wavamizi wa Bendera Nyeusi, kundi la wapiganaji wenye asili ya China, waliuchoma mji karibu wote. Xieng Thong ilinusurika kwa sababu waliifanya kambi yao. Kwa hiyo unapotazama paa lile lililoinama kwa matabaka mpaka karibu na ardhi, unatazama kitu ambacho majengo mengine mengi ya mjini yaliyofuata yamekiiga.

Usiingie ndani haraka. Zunguka kwanza nyuma, ukuta wa magharibi, jua likiwa limeanza kushuka. Hapo kuna mti mkubwa uliotengenezwa kwa vipande vya vioo vya rangi kwenye ukuta mwekundu, na chini yake wanyama. Ukisogea karibu unaona kila kipande kimekatwa kwa mkono na hakuna viwili vinavyolingana. Ukirudi nyuma hatua mbili unauona mti mzima ukiwaka. Kando yake kuna kibanda kidogo cha ibada chenye kuta za waridi, nacho kimepambwa kwa vioo vinavyoonyesha maisha ya kila siku ya kijijini. Mapambo hayo yalifanywa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa kuadhimisha miaka 2,500 tangu Budha aingie nirvana, yaani alipofariki. Ndani amelala Budha wa shaba ambaye alisafirishwa hadi Paris kwa maonyesho ya 1931 na akarejeshwa Luang Prabang mwaka 1964. Mtazame mkono wake ulioegemeza kichwa na mikunjo ya joho inavyotiririka mpaka miguuni. Watu wengi wanachungulia mlangoni sekunde chache na kuondoka. Sijui wanakimbilia nini. Karibu na lango kuna jumba la gari la mazishi ya kifalme, lenye kimo cha mita 12 na vichwa vya majoka mbele, lililotumika katika mazishi ya Mfalme Sisavang Vong aliyefariki 1959.

Kisha rudi Xieng Thong, au hekalu lolote lililo karibu na chumba chako, jua linapokaribia kuzama. Watawa hukusanyika kuimba dua za jioni. Unaruhusiwa kuketi nyuma, kimya. Kunja miguu nyayo zielekee nyuma, maana kumnyooshea Budha nyayo ni utovu wa adabu mkubwa. Mimi ni Mwislamu wa Pwani, na hakuna aliyenitaka niiname wala niwashe ubani. Waliniachia nafasi tu.

Mengine kwa ufupi. Wat Visoun ilijengwa 1513, ikaungua katika ule moto wa 1887 na kujengwa upya 1898. Mbele yake kuna mnara wa mviringo ambao wenyeji wanaufananisha na tikiti maji. Wat Mai iko jirani na kasri na ina michoro ya dhahabu barazani. Kasri lenyewe lilianza kujengwa 1904, na katika uwanja wake ndimo inamohifadhiwa sanamu tukufu ya Budha iitwayo Phra Bang, yenye urefu wa sentimita 83. Kilima cha Phousi kiko katikati ya mji na kina zaidi ya ngazi 300. Ukipande asubuhi. Jioni watu wanabanana kugombea picha ya machweo, na hutaona mito yote miwili kwa utulivu.

Kuhusu mavazi, dada zangu, bebeni kanga. Inafunika mabega hekaluni na kiuno ikibidi, inakauka upesi, na utaikalia sakafuni. Kaka zangu, kaptula juu ya magoti hazifai. Kwa miguu chukua viatu vya kuvua haraka, kwa sababu kila jumba la ibada unaacha viatu mlangoni. Beba chupa ya maji na noti ndogo za kipu, fedha ya Laos, maana mahekalu makubwa yana kiingilio na mengine yana sanduku la sadaka.

Zungumza na watawa vijana kama wakikuanza. Wengi ni watoto wa vijijini waliokuja kupata elimu hekaluni, na wanapenda kujaribu Kiingereza chao. Mimi waliniuliza Afrika iko mbali kiasi gani na tunakula nini. Kaeni mahali pa wazi, mwanamke akae kwa umbali kidogo, na omba ruhusa kabla ya picha.

Kwenye chakula, wasiokula nguruwe waulize kila mara, maana inatumika sana. Samaki aliyefungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke ni chaguo salama na tamu kwelikweli, pamoja na wali wa kunata unaoula kwa mkono.

Ukishauzoea mji, vuka Mekong kwa mashua hadi upande wa Xieng Mene. Tembea njia ya kijiji mpaka Wat Long Khun, ambako wafalme walijitenga kabla ya kutawazwa, na panda Wat Chom Phet uone mji kutoka ng'ambo. Huko ni kimya. Lakini nje ya mji usiache njia iliyokanyagwa. Kati ya 1964 na 1973 Marekani ilidondosha zaidi ya tani milioni mbili za mabomu juu ya Laos, na mengi hayakulipuka. Mjini kuna kituo cha wageni cha shirika linaloyategua, UXO Lao. Kitembelee, hata kama ulikuja kwa ajili ya mahekalu tu.

Msimu mzuri wa kutembea ni Novemba hadi Februari. Mito ikipungua, wenyeji hutandaza daraja la mianzi juu ya Nam Khan, unalipa kidogo na kuvuka. Machi na Aprili mashamba yanachomwa na moshi unaziba hewa, kwa hiyo mwenye pumu asiende. Tangu Desemba 2021 kuna treni kutoka Vientiane, safari ya kama saa mbili, ila stesheni iko nje ya mji na utahitaji gari la abiria mpaka katikati. Kama ni lazima uende katikati ya Aprili, wakati wa mwaka mpya wa Kilao ambapo Phra Bang hutolewa kwa maandamano hadi Wat Mai na watu huja kuiosha kwa maji yenye manukato, basi weka nafasi ya chumba miezi kadhaa mapema, na simu yako uitie kwenye mfuko usiopitisha maji, kwa sababu njiani kila mtu humwagiwa.