Ekzosi ikioza, kata mpaka kwenye chuma kizima

Toyota waliacha kutengeneza Carina mwaka 2001, na yangu bado inapanda Muheza na kushuka Pangani kila ninapoihitaji. Injini haina makuu. Kinachonirudisha gereji ni bomba la moshi, na kila gereji ya hapa Tanga wimbo ni mmoja: "Mama, hapa tunaziba tu, utatembea." Ushauri wangu kwa mwenye gari la umri huo anayeishi pwani ni kwamba usikubali kuzibiwa kabla hujajua chuma kizima kinaanzia wapi.

Watu husingizia bahari. Ni kweli, gari linalolala Raskazone au Sahare linakula chumvi ya upepo usiku kucha, na kutu ya nje huiona hata mtoto. Ila bomba la moshi huoza zaidi kwa ndani. Petroli ikiungua hutoa maji: lita moja ya petroli huzaa karibu lita nzima ya maji, yanayotoka kama mvuke. Safari ikiwa ndefu, bomba linapata moto na mvuke wote unaishia hewani. Kwenye safari fupi, kama kutoka Chumbageni kwenda soko la Mgandini na kurudi, bomba linakuwa halijachemka, basi mvuke unapoa, unakuwa maji, na yale maji yanatuama ndani ya sailensa, lile kopo la kupunguza kelele, yakiwa na asidi ya moshi. Ndiyo maana sailensa ya nyuma hutangulia kuoza. Iko mbali na injini, haipati joto la kutosha. Matone unayoyaona asubuhi kwenye mdomo wa ekzosi si ugonjwa; ugonjwa ni yale yasiyopata pa kutokea.

Sasa fikiria kiraka. Fundi anaona tundu la ukubwa wa shilingi, anakata kipande cha bati, anakichomelea juu. Pembeni ya tundu lile chuma kimebaki chembamba kama ganda la yai, na moto wa kuchomelea unakitoboa zaidi. Kiraka chenyewe kitadumu. Kinachokishikilia ndicho kitakachoachia, na mara nyingi kitaachia masika, barabara ikijaa madimbwi.

Kwa hiyo pima kwanza. Gari likiwa la baridi, ingia chini na bisibisi nzito, gonga bomba kwa mpini wake kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na pengine vumbi la kutu linakumwagikia usoni, kwa hiyo vaa miwani. Gonga zaidi kwenye mikunjo, kwenye maungio, na tumboni mwa sailensa. Kisha mtu awashe injini ingali baridi, wewe ziba mdomo wa ekzosi kwa tambara bichi kwa sekunde chache tu. Panapovuja patafoka, na utasikia. Masizi meusi kwenye maungio nayo ni ushahidi wa kutosha.

Wapo wanaosema kelele haziui. Kelele haziui, lakini moshi unaua. Ndani yake kuna kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na inaingia kwenye damu ikikalia nafasi ya oksijeni. Gari la zamani lina raba za buti zilizochoka na matundu kwenye sakafu yaliyoachwa na mafundi wa zamani. Ukisimama umefunga vioo, kiyoyozi kinaunguruma na bomba limetoboka chini ya kiti cha nyuma, watoto ndio wa kwanza kuumwa kichwa na kusinzia. Ukiona hivyo, shusha vioo, zima gari, toa watu nje. Tena bomba likivuja mbele, kabla ya senso ya oksijeni inayopima moshi, hewa ya nje huingia na kuidanganya senso. Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, inadhani petroli ni kidogo, inaongeza. Utashangaa tangi linaisha upesi na ukalaumu kituo cha mafuta.

Ukishajua palipooza, una njia tatu: kununua kipande kipya, kununua kilichotumika Japani, au kutengenezewa. Kipya kikipatikana cha gari lako hasa, chukua, uulize kama chuma kimepakwa alumini. Kinavumilia kuliko chuma kitupu. Cha Japani kinakaa vizuri kwa sababu ni cha kiwandani, lakini usidanganyike na jina la nchi. Mikoa yao yenye theluji humwaga chumvi barabarani, na gari la huko linaweza kuwa limeoza kuliko lako la Tanga. Kigonge kipande hapo hapo dukani. Muuzaji akinuna, mwache.

Njia ya tatu ndiyo wengi wetu tunaishia. Hapa angalia bomba analolitoa fundi. Akileta bomba la maji lenye zinki, kataa. Ni nene na zito, litaning'inia mpaka lichane raba zinazolishikilia chini ya gari, na likichomelewa linatoa moshi mweupe wa zinki ambao unampa fundi mwenyewe homa usiku. Nunua bomba la ekzosi lenye kipenyo kile kile cha la zamani, ulipime kwenye chuma kizima, si kwenye pua iliyovimba kwa kutu.

Kufungua nati ndiyo kazi yenyewe. Paka dawa ya kulainisha kutu jana yake jioni, urudie asubuhi. Nati isipotii, ikaze kidogo kwanza ndipo uifungue, kwenda mbele na nyuma, bila hasira. Kwa zile za nyuma, zikatwe tu kwa grenda, boliti mpya ni bei ndogo. Lakini zile zinazoshika bomba kwenye manifodi, pale moshi unapotoka kwenye injini, ziheshimu. Boliti ikikatika na kubaki ndani ya manifodi, utaanza kazi ya kutoboa na kutengeneza uzi upya, ambayo inaweza kukugharimu kuliko ekzosi. Pale fundi apashe nati moto wa gesi, baada ya kuifuta dawa, maana dawa hizo zinawaka. Wakati wa kufunga weka gasketi mpya na nati za shaba, hizo hazigandi.

Kabla moto haujawashwa, toa waya wa hasi wa betri. Waya wa ardhi wa mashine ya kuchomelea ubanwe kwenye bomba lenyewe, karibu na panapochomelewa. Tangi la petroli na mipira yake viko jirani, basi hiki kizimamoto unachokibeba kwa ajili ya trafiki, leo kitoe na ukiweke mkononi mwa mtu. Udongo wetu una mchanga: jeki iwekewe ubao, na gari likae juu ya stendi au juu ya shimo. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki tu, hata kama ni "dakika moja tu, mama."

Hapa ndipo namtofautisha fundi na fundi. Mvivu anachomelea kila kitu bomba likiwa chini ya gari. Upande wa juu haufikii, anaupaka paka, na wiki inayofuata panafoka. Fundi mwenye kazi yake anapanga bomba kwenye raba zake, anahakikisha haligusi sakafu wala ekseli, anashikiza kwa nukta chache, kisha analishusha lote chini na kulichomelea mzunguko mzima. Bomba hili ni jembamba, hivyo achomelee kidogo kidogo, akiliacha lipoe. Likishapoa, brashi ya waya, halafu rangi inayohimili joto. Rangi ya kawaida itababuka siku ya kwanza.

Raba badilisha zote. Ni za bei ya soda, na bomba jipya kwenye raba zilizochoka litagonga kila tuta. Kama gari lako lina fleksibo, kile kipande cha bomba kinachopinda, au boliti zenye springi mbele, zibaki hivyo hivyo. Injini inacheza, ukiunga bomba gumu, mpasuko utahamia kwenye manifodi.

Jambo moja la mjini: masega, yaani katalaiza ya kusafisha moshi iliyo ndani ya bomba. Yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanalijua hilo vizuri. Ukiambiwa "yameziba, tuyatoe", taka kuonyeshwa, na kilichotolewa ukiweke kwenye buti lako.

Safari ya kwanza utasikia harufu ya rangi inayoungua, fungua vioo na endelea. Siku chache baadaye, injini ikiwa baridi, nati zote zikazwe tena, isipokuwa zile za springi. Hizo zikikazwa mpaka springi zikalala, kiungo hakitacheza tena.