Sahihi laki moja haziwezi kuita kikao maalum cha Bunge

SWALI: Wakili, habari za leo. Mimi niko Voi. Ndovu wamemaliza shamba letu la mahindi mara mbili na fidia tunangoja mpaka tumechoka. Sasa Bunge liko likizo na kuna jamaa anazunguka na fomu, anachukua sahihi, namba ya kitambulisho na shilingi 200 kwa kila mtu, anasema zikifika laki moja Spika lazima aite kikao maalum cha fidia. Nilipe?

JIBU: Pole sana kwa shamba, na tafadhali usilipe. Hii kitu naiona kila Bunge likienda likizo na inaniudhi kweli, kwa sababu wanaoliwa pesa ni watu wenye shida ya ukweli kama wewe.

Hakuna mahali popote kwenye sheria ya Kenya panaposema sahihi za wananchi zinaita kikao maalum, ziwe laki moja ziwe milioni kumi. Kanuni za Bunge la Taifa zinasema Spika anaombwa na kiongozi wa wengi au kiongozi wa wachache, basi, na hata hao wakiomba Spika anaweza kukataa kama haoni dharura. Kule Seneti kiongozi lazima pia aungwe mkono na maseneta wasiopungua 15. Spika akikubali anatangaza siku, saa na kazi yenyewe kwenye Gazeti Rasmi, na kazi iliyotangazwa ndiyo hiyo hiyo tu, kwa hiyo hata kama wangeitwa kesho kwa mswada mwingine mbunge wako hawezi kusimama katikati akaingiza mambo ya ndovu.

Nafikiri watu wanachanganya na zile sahihi milioni moja za kubadilisha Katiba, zile mlizoziona wakati wa BBI, ule mpango wa Uhuru na Raila wa kubadilisha Katiba. Hiyo ni njia nyingine kabisa, haina uhusiano na kikao maalum.

Halafu watu wanadhani kikao maalum ni kama mlango wa huruma wa mwananchi. Mara nyingi mwenye haraka ni serikali. Tarehe 18 Desemba 2014 wabunge waliitwa kupitisha sheria za usalama, wakapigana mle ndani, kesho yake Rais akatia sahihi, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vipengele 8.

Unachotaka wewe kinaitwa petisheni, yaani ombi rasmi kwa Bunge, Kifungu cha 119 cha Katiba, na hapo mtu MMOJA anatosha. Andika kwa Kiswahili, kwa mkono ukitaka, sema shida ni nini, umeshafika ofisi gani na unataka Bunge lifanye nini, weka jina, anwani, kitambulisho na sahihi, peleka kwa Karani wa Bunge au mpe mbunge wako aiwasilishe. Ikifika kwenye kamati kanuni zinaipa siku 60 kujibu. Likizo isikuzuie kuiandaa sasa hivi.

Juzi mteja aliniletea fomu moja ya aina hiyo. Karatasi ya fotokopi, safu nne, jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi, na juu HAKUNA KITU, hakuna ombi, hakuna jina la Bunge, hakuna hata tarehe. Yaani karatasi kama hiyo unaweza kuibandika juu ya jambo lolote baadaye na sahihi yako iko pale. Mnakumbuka 2021 watu walipoingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi hata kuvisikia? Kwa hiyo mtu yeyote akikuletea orodha, awe anasema ni ya Bunge, ya msaada au ya shamba, soma sehemu ya juu kwanza, ikiwa tupu mrudishie karatasi yake, na akitaja pesa ndiyo umwondoe kabisa mlangoni.

Kama kuna jirani ameshaandika, mwambie arudi kwa huyo jamaa na shahidi mmoja, adai jina lake lifutwe mbele yake, na akikataliwa apeleke malalamiko kwa Kamishna wa Kulinda Data na hizo 200 aziripoti polisi.