Sauti unayoiga si ya Volonté

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uigizaji, mwaka wa pili. Kazi yangu ya muhula ni kuhusu mwigizaji wa Italia Gian Maria Volonté, na nimechagua kuiga sauti yake akiwa Ramón, yule adui kwenye filamu ya *Per un pugno di dollari*, toleo la Kiitaliano. Wiki 2 sasa nafanya mazoezi kila usiku, sauti haiji, na koo linakwaruza mpaka asubuhi. Kuna mtu anauza kozi ya "sauti nzito kwa siku 7". Nijiunge?

JIBU: Marahaba. Usijiunge, na hiyo sauti iache leo leo. Kwenye toleo la Kiitaliano la filamu hiyo ya 1964, anayemsemea Ramón, yaani aliyemwekea sauti studio, ni mwigizaji mwingine, Nando Gazzolo. Hata Clint Eastwood, mhusika mkuu, humo anasemewa na Enrico Maria Salerno. Uso, macho na mwili ni vya Volonté, ingawa kwenye majina ya waigizaji aliandikwa kwa jina la bandia la Kiingereza. Koo unalolikwaruza linamfuata mtu mwingine.

Filamu nyingi za Italia za miaka ile zilipigwa bila kutegemea sauti ya pale pale. Kamera ilinguruma, mwongozaji alielekeza huku picha inaendelea, na nchi zikishirikiana kila mwigizaji alisema lugha yake. Kilichorekodiwa kilikuwa cha kuongozea tu. Baadaye studio, filamu ilikatwa vipande vifupi, kila kimoja kikaungwa ncha kwa ncha kuwa pete (Waitaliano huiita *anello*), kikazungushwa mbele ya msemaji mpaka maneno yakae midomoni. Msemaji huyo aliweza kuwa mwigizaji mwenyewe au mtu ambaye hakukanyaga eneo la filamu. Usifananishe na filamu zetu "zilizotafsiriwa" za mtaani, ambako ukitega sikio bado unamsikia mwigizaji chini ya mtafsiri. Huku hayumo kabisa.

Halafu kuna hili la midomo, linalonikera kuliko yote. Wanafunzi wanafundishwa kwamba midomo ikilingana na maneno, basi sauti ni ya mwenyewe. Si kweli. Angalia p, b na m, ambapo midomo lazima ifunge. Sauti ikipishana kwa picha 2 kati ya 24 za kila sekunde, yaani karibu sekunde 0.08, unaweza kujua iliingizwa baadaye. Umejua hilo tu. Volonté akijisemea mwenyewe studio anaweza kupishana na midomo yake, na msemaji hodari akaikalia sawasawa. Kinachosaidia ni kumsikiliza pale inapojulikana kwamba ni yeye, kisha ulinganishe.

Anza na *Per qualche dollaro in più* ya 1965. Humo anacheza El Indio, na sauti ni ya Volonté mwenyewe, lakini kwenye toleo la Kiitaliano tu. Kwa Kiingereza ni mtu mwingine tena. Kisha filamu mbili za mwongozaji Elio Petri: *Indagine su un cittadino al di sopra di ogni sospetto* (1970) na *La classe operaia va in paradiso* (1971). Kwenye ya kwanza ni mkubwa wa polisi, anakata maneno kama anayepiga muhuri. Kwenye ya pili ni Lulù, fundi wa kiwandani anayelipwa kwa idadi ya vipande, na usemi wake unakimbizana na mashine. Chukua dakika 1 ya kila moja, uandike anapovuta pumzi na neno gani analibana. Utaona kinachobadilika ni mwendo, lafudhi na pumzi. Volonté alihitimu chuo cha taifa cha uigizaji Roma mwaka 1957, na 1960 akacheza Romeo kule Verona. Mtu wa jukwaa hajengi uhusika kwa kukaba koo.

Na wanaouza "sauti nzito" wanachouza ni huko kukaba koo. Unene wa sauti unatokana zaidi na urefu na uzito wa nyuzi za sauti, na siku 7 haziongezi hata kimoja. Ukibana na kusukuma, nyuzi zinagongana kwa nguvu, zinavimba, na ukiendelea zinaota vinundu. Mayai mabichi, tangawizi, asali na limau havizigusi, kwa sababu ukimeza, zoloto (kisanduku cha sauti kooni, zilimo nyuzi hizo) hufunga na chakula hupita kwenye umio. Asali inaweza kutuliza koo lakini haitengenezi sauti. Maji nayo yanafika kwa kupitia mwilini, kwa hiyo yanywe saa kadhaa kabla ya mazoezi. Ukinywa ukiwa mlangoni mwa jukwaa umechelewa.

Pumzisha sauti mpaka mkwaruzo uishe. Ukirudi, weka mrija kwenye glasi, ncha izame sentimita 2 hadi 3 ndani ya maji, uvumishe sauti laini kupitia mrija kwa dakika 5, asubuhi na jioni. Mapovu yakikatika, ujue unasukuma kupita kiasi. Ukwaruzo ukizidi wiki 3, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akazitazame nyuzi kwa kamera. Ukikohoa damu au ukapata shida ya kupumua au kumeza, usisubiri hizo wiki. Na katika siku za kupumzika usinong'one ukidhani unalihurumia koo, maana wengi hubana zaidi wakinong'ona. Sema kidogo, kwa sauti yako ya kawaida.