Jibu: Nani alibomoa mnara wa ngome ya Scarborough?

Mkuu, umeuliza kama ni bahari iliyoula ule upande wa mnara mkuu wa ngome ya Scarborough, pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza. Hapana, ni mizinga.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Bunge la Uingereza na Mfalme Charles I, Sir Hugh Cholmley aliishika ngome hiyo kwa niaba ya Bunge mwaka 1642, lakini Machi 1643 akahamia upande wa Mfalme. Februari 1645 Sir John Meldrum, kamanda wa Bunge, akauteka mji, Cholmley na watu wake wakajifungia ngomeni.

Meldrum aliweka mzinga mkubwa ndani ya kanisa la St Mary, karibu kabisa na lango la ngome, ukirusha risasi za chuma za zaidi ya kilo 25. Mnara ule wa Mfalme Henry II, uliosimama tangu karne ya 12, ukapigwa siku tatu mfululizo hadi upande wa magharibi ukaporomoka. Lakini watu wa Cholmley hawakusalimu amri! Walipigania kifusi kile kwa mikono, na Meldrum mwenyewe akajeruhiwa Mei, akafa.

Kilichowashinda ni njaa na kiseyeye. Lady Cholmley, mke wa Sir Hugh, alikuwa humo humo akiuguza wagonjwa. Tarehe 25 Julai wakatoka, wengine wakibebwa kwa sababu miguu haikuwa na nguvu tena.

Ukifika huko, usiishie ngomeni. Pita kanisani, utazame upande wa mashariki: sehemu ya madhabahu ilivunjwa na mizinga ya ngome ikijibu mapigo, na haikujengwa tena. Vipande vya kuta zake bado vimesimama katikati ya makaburi.