Homoni ya kiume mwilini mwa mwanamke?

SWALI: Nafundisha baiolojia sekondari, Morogoro. Kitabu kinasema "homoni ya kiume", mimi nimezoea kusema "homoni ya wanaume". Juzi binti mmoja alinyoosha mkono: dada yake amepimwa hospitali, akaambiwa ana homoni ya kiume nyingi, je, anageuka mwanamume? Darasa likacheka, nami nikababaika. Lugha yetu imekosea wapi?

JIBU: Mwalimu, hapa kitabu kimekushinda. "Homoni ya wanaume" inamtaja mwenye mali. "Ya kiume" haimtaji. Ile ki- inaonyesha namna au mfano wa kitu, kama tunaposema viatu vya kitoto hata vikivaliwa na mtu mzima. Tazama mkono wa kulia. Wazee wetu huuita mkono wa kiume, na wa kushoto mkono wa kike, na sijasikia bibi yeyote akiulizwa mkono wa kiume kautoa wapi.

Basi dada wa mwanafunzi wako anayo homoni ya kiume kama alivyo na mkono wa kiume, na wanawake wote wanayo. Homoni yenyewe ni testosteroni: ovari, viungo vya mayai ya uzazi, huitengeneza, na tezi zilizokaa juu ya figo nazo huchangia. Tofauti ni kiasi: kwa mwanamume mzima maabara nyingi huhesabu takriban nanogramu 300 hadi 1,000 katika desilita moja ya damu, kwa mwanamke huwa makumi machache tu. Ikizidi kwake, mara nyingi sababu ni ovari zenye vifuko vingi, na dalili ni hedhi kuvurugika, chunusi, pengine ndevu kuchomoza. Hageuki mtu mwingine. Tena estrojeni, tunayoiita ya kike, mwili huitengeneza kutokana na testosteroni hiyohiyo, hata kwa wanaume, na mifupa yao inaihitaji.

Hata hivyo nakubali kwamba msikilizaji wa leo haisikii tena ile ki-; husikia "wanaume" na kufunga mjadala. Ndiyo maana darasani ningesema testosteroni, na "homoni za kiume" nikaziachia kundi zima la androjeni, ambamo testosteroni ni mojawapo. Jina testosteroni nalo lina dosari yake. Mwaka 1935 kundi la Ernst Laqueur, Amsterdam, liliitenga homoni hiyo kutoka korodani za fahali, likaunga jina kutokana na neno la Kilatini la korodani. Ni kama kumwita mtu Kariakoo kwa kuwa ndiko ulikokutana naye mara ya kwanza. Homoni ni neno la zamani kidogo kuliko hilo: Ernest Starling alilitumia mwaka 1905, akilitoa kwenye kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea. "Kichocheo" lingefaa sana, ila kemia ilishalichukua kwa kazi nyingine.

Kinachonikera zaidi ni "nguvu za kiume". Matangazo ya ukutani yanaichanganya tafsida hiyo na testosteroni kana kwamba ni kitu kimoja. Testosteroni inahusika zaidi na hamu. Uume kushindwa kusimama mara nyingi hutokana na mishipa ya damu, kisukari, shinikizo la damu, dawa fulani au hofu tu. Mtu anaweza kuwa na testosteroni ya kutosha na bado akawa na shida hiyo.

Kisha chunga kiambishi hu-. Ukiandika "testosteroni hushuka mtu akipata mtoto", umetoa kanuni ya wakati wote na watu wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima wanaume wa jamii mbili jirani, kwenye eneo la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania: Wahadza, ambao ni wawindaji, na Wadatoga. Wahadza wenye watoto walikuwa na testosteroni ya chini kuliko Wahadza wasio na watoto. Kwao baba hubeba na kulea. Kwa Wadatoga, wafugaji ambao malezi ya watoto wachanga ni kazi ya mama zaidi, tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo andika "imeonekana kushuka kwa akina baba wanaolea", uwataje ni akina nani.

Vivyo hivyo "testosteroni husababisha ubabe". Mwaka 2010 watafiti wa Zürich waliwapa wanawake testosteroni au dawa bandia, kisha wakawachezesha mchezo wa kugawana fedha. Waliopewa testosteroni walitoa mgawo wa haki zaidi. Waliobana walikuwa wale walioamini wamepewa testosteroni, wawe wameipata au la. Ubabe ule ulitoka kwenye sifa ya neno, si kwenye dawa. Mweleze mwanafunzi wako kisa hiki. Kitamvutia kuliko jedwali.

Ngeli hukuuliza, lakini nimeona inavurugwa kwenye magazeti: homoni imeongezeka, homoni zimeongezeka, I-/ZI-, kama nguo. "Mahomoni" ya vijana sina ugomvi nayo kwenye daladala. Kwenye mtihani, kata alama.